Dobi ya Filipo

Loisi alikuwa amemzalia Matonya watoto, amemuuguza homa, amemzikia wazazi, lakini hajawahi kumwona akila. Kwa Wagogo wa wakati ule halikuwa jambo la ajabu. Wanaume walikula nje na wenzao, wanawake jikoni na watoto, na chakula kikishavuka mlango mpishi hana habari nacho tena. Naye angenyamaza kama si nyama. Mlenda wake, ile mboga laini ya kuteleza, mumewe aliuulizia kila siku, ila nyama yake ya mbuzi, ambayo majirani waliisifu mpaka kisimani, hakuisemea hata neno moja. Haimpendezi? Swali hilo lilimkaa rohoni, na mawifi, Mungu awasamehe, walikuwa wakilichochea.

Wazo alilipata kwa mke wa padre wa Kiingereza, ambaye Loisi alikuwa akimfulia nguo. Yule mama kila mwaka, siku aliyoolewa ikifika, alikaa meza moja na mumewe wakala wakitazamana. Loisi na Matonya nao walifunga ndoa kanisani, Jumapili ya mavuno.

"Baba Anyesi, siku yetu ikifika nasi tukale mezani, mimi na wewe."

"Watu watasema umenilisha dawa," Matonya akacheka. "Haya, tafuta mahali. Ukipapata, nakuja."

Alijua hapapatikani. Dodoma ya Mjerumani, reli ikiwa bado mpya, haikuwa na pengi pa kwenda. Kwenye hoteli ya Wazungu karibu na stesheni vitambaa vya meza vilikuwa vyeupe pepe, lakini mtu mweusi aliingilia mlango wa jikoni, tena awe amebeba kitu. Dukani kwa Mgiriki ulikula umesimama, na kabla hujameza umeshaulizwa unangoja nini.

Loisi alikuwa anakaribia kukata tamaa aliposikia sauti nyuma ya soko: "Leo dobi! Dobi ya Kifaransa!"

Damu ikamchemka. Dobi wa pale alikuwa yeye! Akakaza kaniki yake kiunoni, akaingia uani mwa nyumba ya tembe, tayari kwa ugomvi.

"Huyo Mfaransa anayetaka kuninyang'anya wateja yuko wapi?"

"Ndiye mimi, mama," akajibu mtu mnene, mweusi tititi, mwiko mkononi. "Naitwa Filipo. Wateja gani?"

"Wa kufuliwa! Si unatangaza dobi?"

Filipo alicheka mpaka akakaa chini. Alilelewa na mapadre Wafaransa kule Bagamoyo, akawapikia tangu ujana wake, na dobi lilikuwa jina walilokipa chakula chao, au ndivyo yeye alivyolisikia. Akafunua chungu. Nyama ya ng'ombe ilikuwa ikitokota polepole tangu alfajiri.

"Wao hutia divai. Mimi hapa natia ukwaju."

Loisi alichungulia, akanusa, hasira zikamwisha, yakabaki maswali. Kwa nini moto mdogo vile? Mbona mfuniko umezibwa kwa unga? Halafu akauliza lile lililomleta mjini: mwanamke anaweza kukaa hapa na mumewe?

"Hapa anayetaka anakaa, anachovya mkate kwa mkono, na hakuna anayemkagua mwenzake."

Basi akapachagua palepale.

Jumapili ya mavuno, jua likielekea magharibi, Matonya aliketi mezani, kwenye sanduku la mbao, mbele ya mkewe, akautazama ukuta.

"Usinikodolee macho, Mama Anyesi."

"Sikukodolei," akasema Loisi, huku akimkodolea.

Dobi ikaletwa. Matonya akatia kipande mdomoni kwa woga, akatulia. Kisha akafumba macho. Akatia cha pili, cha tatu, akafuta sahani kwa mkate na kumwomba Filipo amwongeze. Loisi akaitazama ile sahani. Kumbe anaipenda nyama! Basi ubaya ulikuwa mkononi mwake yeye, mpishi, miaka yote hiyo.

"Ya kwangu ina nini?" akauliza. "Sema leo, nijue."

Matonya akaweka mkate chini. Akageuka kuhakikisha Filipo yuko mbali, akavuta shavu lake kwa kidole, kulia, halafu kushoto. Kule nyuma kulikuwa na ufizi mtupu. Yaliyobaki yalikuwa meno ya mbele tu, ya kuchekea watu.

"Yaliniisha tangu zama za kubeba mizigo ya misafara, hata sijakuoa. Hii imelainika, lakini nyama ya mbuzi siiwezi. Nakunywa mchuzi, minofu nawapa wenzangu."

"Mbona hukuniambia?"

"Mwanamume ashindwe na nyama ya mkewe? Niliona aibu." Akainamisha kichwa. "Wakishaitafuna huwa nawauliza, 'Ikoje?' Wananieleza. Najua ladha yake kwa kusimuliwa."

Loisi alitaka kumgombeza, akashindwa. Machozi yalimtoka na kicheko pamoja, akamwita Filipo amwonyeshe vizuri namna ya kuuziba ule mfuniko.

"Atakuonyesha baadaye," Matonya akasema, akimsogezea sahani. "Kula kwanza. Mimi nami sijawahi kukuona ukila."

Loisi akaona haya ghafla, mkono ukamwia mzito. Matonya alikuwa ameegemea meza, anangoja, hapepesi macho.