Damu Isiyotaka Barafu

Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025. Mvua ya alfajiri ilikuwa imekatika, lakini migomba ya Kimwani iliendelea kudondosha maji, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba gari la kutoka Bukoba lilisikika kabla ya kuonekana. Sasa lilikuwa limeegeshwa mbele ya zahanati, na daktari Avit alikuwa amesimama ukumbini akimweleza Georgina, mhudumu wa afya wa kijiji, kwa nini amekuja kuchukua kasha la vifaa vya kutolea damu.

"Tyubu zote ishirini na mbili za damu zimeharibika, mama. Nani aliziweka kwenye barafu?"

"Mimi," alisema Georgina.

Angeweza kumtaja Kezia. Alhamisi iliyopita gari la kubeba damu lilichelewa, jua likawaka, naye Georgina akabaki njia panda na kisanduku cha tyubu mikononi kama mtu aliyeshika mtoto wa wenyewe. Kezia, muuza samaki, alikuwa hapo na sangara wake kutoka visiwani. "Kilichotoka mwilini kinataka barafu, dada," alisema, akachota bakuli mbili za barafu. Juu ya kifuniko paliandikwa: kisiwekwe kwenye baridi. Georgina aliyasoma maneno yale. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, mwaka wa pili wa masomo ya jioni, na kusoma alijua. Lakini pande hizi za ziwa hata mtoto anajua kuwa kisicho na barafu kinaoza. Alisoma, hakuamini, akamimina.

"Basi imetugharimu," alisema Avit. Alikuwa kijana mpole, lakini leo aliongea akiangalia saa. "Wakubwa wa utafiti wameamua tubaki na kata za karibu na mjini. Kimwani ni mbali, na watu hawafuati maelekezo. Orodha ya watoa damu inafungwa leo saa kumi. Naomba kasha, niondoke."

Kasha lilikuwa pale pale ukumbini. Georgina alilitazama. *Bwana, nipe kinywa*, aliomba moyoni. Kisha akakusanya kitenge chake, akakaa juu ya kasha.

"Mama Georgina!"

"Utalichukua ukiweza kuninyanyua. Na mimi si mwepesi."

Wanawake waliokuwa kwenye benchi waliangua kicheko. Ndio waliotoa damu ile, wameitwa kuja kuagwa, na kwa kuwa ulikuwa msimu wa senene, wale panzi wa kukaanga, kila mmoja alikuja na ungo wake, wanyonyoe mabawa huku wakingoja.

"Mama yangu alikufa kwa saratani ya koo," alisema Georgina. "Alianza kuacha ndizi, akaacha maharage, mwisho nilikuwa namdondoshea uji kwa kijiko, nao unarudi. Tulipomfikisha hospitali walisema tumechelewa. Saratani haikuona Kimwani ni mbali, mwanangu. Ilifika bila gari."

Avit alirudisha macho kwenye saa.

Joanitha, ambaye ulimi wake uliogopwa hata na mwenyekiti wa kitongoji, aliweka ungo chini. "Waitu, jamani, hebu tuelezwe. Damu yetu imeharibika vipi? Wengine wanasema mliiuza."

"Haikuuzwa. Niliiharibu mimi," alisema Georgina, akiwa bado amekalia kasha. "Sikilizeni, daktari amenieleza. Senene zikikaangwa nyumbani kwa Joanitha, nani hajui?"

"Hata anayepita barabarani anajua!"

"Na hamwiti hata mtu!" alidakia mwingine, na kicheko kikapita benchi zima.

"Ndivyo seli za mwili zilivyo. Kila seli inatupa vichembe vidogo mno kwenye damu, na kila kichembe kina alama ya kilikotoka. Ya saratani nayo inatupa vyake, hata kama bado haijawa uvimbe. Hawa wanatafuta harufu hiyo mapema. Sasa mimi nikatia barafu. Baridi ikazishtua hata chembe za damu zisizo na ugonjwa, nazo zikaanza kutupa vyake kwa wingi. Kijiji kizima kikikaanga asubuhi moja, utajua harufu ya nyumba ipi?"

Avit alikuwa ameacha kuangalia saa.

"Kwa hiyo unataka tutoe tena," alisema Joanitha.

"Nataka. Gari lipo, na leo hakuna barafu."

"Ewe, umetuharibia mara moja!"

"Nimewaharibia. Nisemeni. Lakini msiisusie damu yenu kwa kosa la mkono wangu."

Joanitha alimgeukia Avit. "Wewe daktari. Walikuja wa malaria wakachukua damu. Wakaja wa minyoo, wakachukua vingine ambavyo sivitaji, hapa pana chakula. Hakuna aliyerudi kutuambia alichokiona. Wewe utarudi?"

"Mama, huu bado ni utafiti. Siwezi kuahidi kwamba kipimo kitafanya kazi."

"Hatujakuuliza kuhusu kipimo," alisema Georgina. "Tumekuuliza kuhusu miguu yako."

Avit alikohoa, akatembea hadi kwenye gari, akasimama na simu sikioni. Walimsikia akisema, "Ndiyo, mkuu, najua tuliamua," kisha, "Hapana, leo hii," kisha, kwa sauti kubwa zaidi, "Basi andika kwamba nilikataa kuondoka." Aliporudi, viatu vyake vilikuwa na matope na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Hadi saa kumi," alisema.

Georgina alisimama, akalifungua kasha. Joanitha alikuwa wa kwanza kukaa kwenye kiti. Alipandisha mkono wa gauni, akanyoosha mkono mweusi wenye mabaka ya utomvu wa ndizi, lakini Avit alipoinama na sindano akaurudisha kifuani.

"Maneno kwanza. Na useme u mtoto wa nani, tujue pa kukufuata."

Wanawake wote walisimama. Avit aliiweka sindano mezani, akavua kofia.

"Mimi ni Avit, mtoto wa Rugemalira wa Kaagya," alisema. "Kabla ya Pasaka nitarudi hapa mwenyewe. Nitakaa na kila mmoja wenu peke yake, nimwambie damu yake imesema nini. Na kama haikusema kitu, nitakuja kuwaambia hivyo hivyo, nikiwatazama machoni."