Damu ya Kuku

Mimi sikutaka kwenda kuona sanamu. Jumapili baada ya ibada mtu mzima anataka kula na kulala. Lakini Luzviminda, Mfilipino anayefanya kazi na binti yangu Maombi katika nyumba ya wazee kule Roseville, Minnesota, alitualika, na Maombi akashikilia kwamba tutakwenda wote: yeye, mimi, na Eliakim. Nilijua anachotafuta. Tangu Januari Eliakim amemkataza mwanawe Ntwali kumwoa Maombi, na binti yangu alitumaini kwamba wazee wawili wakipelekwa matembezini watalainika.

Sababu ya Eliakim kila mzee wa kwetu Fizi, Kongo, anaielewa. Mimi na yeye ni ndugu wa kuchanjiana: kwetu kila mmoja hujichanja tumboni, na mwenzake humeza punje ya kahawa yenye damu hiyo. Watoto wa watu waliochanjiana ni ndugu, na ndugu hawaoani.

Sanamu yenyewe ilikuwa nyuma ya ukumbi wa Wafilipino huko Oakdale, nakala ndogo ya saruji ya mnara ulioko kwao, kisiwani Bohol. Wanaume wamekaa mezani wakiinua vikombe. Theluji ilikuwa inayeyuka, na rangi nyekundu ya vikombe ilikuwa imechuruzika mezani. Sikuipenda hata kidogo. Upepo ulikuwa wa kukata masikio, lakini mimi jasho lilinitoka mgongoni.

Luzviminda akaeleza, Maombi akatafsiri. Zaidi ya miaka mia nne na hamsini iliyopita, chifu Sikatuna wa kisiwa kile na Mhispania Legazpi walijikata, wakachanganya damu na mvinyo, wakanywa. Wakawa ndugu.

"Unaona, Papa Maombi?" Eliakim akaniambia, amefurahi kweli. "Hata Wazungu walichanjiana! Na pasteur wa kanisa letu anasema eti ni ya shetani."

Akakigusa kikombe kwa mkono wake wa kulia, ule wenye vidole vitatu. Viwili vilibaki kwenye kizuizi cha barabarani mwaka tuliokimbia. Waasi walitaka kunichukua mimi. Eliakim akawaambia huyu ni damu yangu, anzeni na mimi. Wakaanza naye.

Kisha akamgeukia Maombi. "Muulize. Yule Mzungu alikunywa kweli, ao alijifanya?"

Luzviminda akacheka kidogo. Nani ajuaye, alisema. Baada ya hapo Wahispania walitutawala zaidi ya miaka mia tatu. Akaingia ndani kututengenezea kahawa.

Eliakim hakucheka. "Basi alitema," akasema. "Mtu akitema, kiapo kinakula watoto wake."

Nimezika watoto watatu, wawili katika kambi ya wakimbizi na mmoja hapa Saint Paul, na kila mara Eliakim ndiye aliyebeba jeneza pamoja nami. Nimebaki na Maombi peke yake. Alikuwa amesimama pale, amekonda kwa kutokula, ananitazama kana kwamba nina ufunguo mfukoni. Na nilikuwa nao. Miezi yote ile nilikuwa nao, nikanyamaza.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imetoka Fizi mpaka Minnesota.

"Eliakim," nikasema, "watoto waoane. Sisi si ndugu."

"Unasema nini weye?"

Nikamwambia yote, mbiombio, kabla moyo haujabadilika. Kwamba nilikuwa mtoto wa katekista na niliogopa dhambi. Kwamba siku ya kiapo sikujichanja. Punje ya kahawa niliyompa aimeze niliipaka damu ya kuku aliyechinjwa kwa ajili yetu. Punje yake, yenye damu yake, niliificha shavuni, nikaitema nyuma ya nyumba. Kovu langu la tumboni nilijitia mwenyewe kwa wembe wiki iliyofuata.

Hakunipiga. Heri angenipiga.

"Watatu," akasema polepole. "Nilikuwa najiuliza nimekosa nini hata watoto wa ndugu yangu wafe hivi. Nilifunga. Niliomba toba, mimi."

"Pardon, kaka."

"Usiniite hivyo."

Kiswahili Maombi anakielewa chote, na kutafsiri hutafsiri, lakini yake mwenyewe huyasema kwa Kiingereza siku zote. Akasogea, akamshika Eliakim mkono, machozi na kicheko pamoja. "So it's okay now? We can get married?"

Eliakim akautoa mkono wake kwa upole. "Mpaka leo asubuhi nilikukataa kwa kuwa wewe ni binti yangu," akamwambia. "Sasa nakukataa kwa kuwa ni binti yake. Ntwali haingii katika nyumba yenye kiapo kama hicho. Nisije nikazika na wangu."

Akaondoka kwa miguu kuelekea barabarani, koti wazi, bila kugeuka.

Nilidhani Maombi atamkimbilia. Hakumkimbilia. Alinitazama mimi, akarudi nyuma hatua moja, mkono kifuani.

"Papa," akasema kwa Kiswahili, "kiapo kimekula watatu. Na mimi je?"