Mama Maina na Redio ya Polisi

Wengine hufungua redio wapate habari za nchi. Mimi nilifungua nimpate mwanangu. Maina ni polisi wa doria kule Lavington, na marehemu baba yake alituachia redio inayonasa mawasiliano yao. Nikikaa peke yangu hapa Riruta jioni, nilikuwa nikimsikia akitaja barabara aliyopo. Ilinitosha. Kunipigia simu aliacha tangu kijana wa jirani apigwe risasi kwenye maandamano, nami nikasema mbele ya kamera kwamba wananchi wana haki ya kujua ni polisi gani aliyefyatua. Nilisema, na nikiulizwa kesho nitasema tena.

Kisha polisi wakabadilisha mitambo yao, wasisikike tena na raia. Redio ikabaki kukoroma tu. Nilipika chai ya watu wawili nikainywa yote. Kila niliposikia askari ameumizwa mahali, nilidhani ni yeye. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nikajifunga kitambaa kichwani, nikaenda kituoni kwao.

Mezani nilimkuta askari wa kike, Kasyoka.

"Katiba inanipa haki ya kupata habari," nikamwambia. "Nataka kujua kama Maina yuko salama."

"Mathe, hiyo maneno ya redio ni ya polisi. Raia haruhusiwi kuskiza."

"Raia ni wengine. Mimi nimemzaa."

Akanitazama, akatazama mlango, kisha akachukua redio yake na kuongeza sauti. "Maina, uko wapi?"

"Niko barabara ya James Gichuru. Tunarudi kituoni sai."

Nilishika meza. Ni yeye, mzima kabisa. Furaha ilinijaa hata magoti yakasahau kuuma.

Kasyoka naye akatabasamu. "Basi harakisha. Mamako yuko hapa."

Maina akajibu redioni. "Mwambie niko leave. Mwambie nilienda mbali, hujui narudi lini."

Kasyoka akapunguza sauti, lakini alikuwa amechelewa. Maskini, hakujua aangalie wapi. Mimi nilitaka kulia, nikakataa kulia kituo cha polisi.

"Pole, mathe," akasema. "Akifika nimwambie umemsikia?"

"Hapana," nikamjibu. "Mwambie uliniambia yuko likizo, nami nikaamini."

Nikauliza kama kuna mlango mwingine wa kutokea, nisije nikakutana na Maina getini.