Mpunga wa Juu ya Mdomo wa Gunia

Ruti alishika kisu kukata kamba za gunia la kwanza, akakuta mpunga wa juu umeota. Majani ya urefu wa kidole yalikuwa yamechomoza kati ya kamba, yamesimama wima, mabichi kabisa. Akatazama gunia la pili, la tatu, akazunguka ghala lote. Kila gunia lilikuwa limeota pale juu tu, kwenye ile nundu inayozidi mdomo. Chini ya mdomo mpunga ulikuwa mkavu na mtulivu. Ruti akarudisha kisu mfukoni, akaenda kuchemsha chai, maana baridi ya Julai ya Tunduma haina simile.

Nundu hiyo ndiyo lumbesa. Mkulima hujaza gunia mpaka mdomoni, kisha mnunuzi humwambia aongeze, na aongeze tena, mpaka mpunga usimame kama kilemba. Juu hufumwa kamba usimwagike, na bei hubaki ileile ya gunia moja. Jambo hili limekatazwa, na hakuna asiyejua kwamba limekatazwa. Mzigo ukifika Tunduma, Ruti hukata kamba, huondoa vilemba, hushona magunia upya sawa na mdomo, na vilemba vya magunia matano humpa la sita ambalo hakulinunua. Hilo la sita ndilo lililomlisha miaka yote ya biashara.

Mzigo wa mwaka huu karibu wote ulitoka kwa Ambakisye, mjomba wake, tumbo moja na mama yake, aliyeteremka zamani kutoka milima ya Ileje kwenda kulima mpunga Kamsamba. Siku ya kupakia, mjomba alikuwa amemwomba neno moja.

"Mwanangu, mwaka huu nishonee sawa na mdomo. Kile kinachozidi kinatosha bati. Mvua zilizopita zilitunyeshea humo ndani."

Ruti alijibu kwamba angelifikiria. Katika ukoo wao jibu hilo halina maana mbili, kwa hiyo mjomba alichukua ndoo akaongeza mpunga mwenyewe.

Wiki haikuisha kabla mpunga haujafika magotini. Kila asubuhi sakafu ilikuwa na maji, na maji yenyewe yalikuwa vuguvugu, kama yanavyokuwa kwenye majaruba ya mpunga ya Kamsamba. Joto la Kamsamba nalo lilifuata, na mbu wake, na vyura wawili watatu. Wapagazi wa mtaani wakaanza kuingia kuota joto, wanavua makoti mlangoni na kuyatundika kwenye msumari. Mwenye jengo alikuja, akatazama, akasema yeye alikodisha ghala, hakukodisha shamba, akapandisha kodi. Mteja wa Ruti kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alisimama nje ya mlango kwa kuogopa kulowesha viatu.

"Mulishani, bamayo," alisalimu kwa Kibemba. "Naona bado haujakomaa. Nitarudi ukivuna."

Bwana shamba wa kata naye aliitwa. Alichuma jani, akalitafuna, akasifu mbegu, akashauri palizi ifanyike mapema. Ruti alimuuliza kwa nini uote wa juu tu.

"Wa chini umeshalipiwa, umetulia," alisema. "Huu wa juu haujajua kama umeuzwa."

Jumapili hiyo kikundi cha akina mama wafanyabiashara, Ruti akiwemo, kilikutana saluni kwa Agnes, mwenyekiti, kwa kile alichokiita tathmini ya nusu mwaka. Agnes alihudhuria semina moja Vwawa, na tangu hapo hata kuku wake walikuwa na malengo. Utaratibu ulikuwa rahisi. Kila Januari mwanakikundi husimama na kutaja lengo la biashara yake, na wenzake hulipigia makofi. Julai husimama tena aseme amefika wapi, na kama lengo limemshinda, hulipunguza kabla makofi hayajapigwa. Yakishapigwa, hakuna kurudi nyuma mpaka Desemba.

Lengo la Ruti lilikuwa ghala lake mwenyewe. Kiwanja alishapata, pale Mpemba, na msingi ulishachimbwa. Lakini tangu mpunga uote alikuwa halali vizuri. Alikuwa amewaza sana juu ya bati za mjomba, na moyo wake ulikuwa mzito kweli. Alisimama akiwa ameamua.

"Nataka kupunguza," alisema. "Ghala nilisogeze mpaka mwakani. Mpunga ulioota ni wa mjomba wangu. Nimrudishie, na msimu ujao nishone sawa na mdomo."

Dada mmoja aliyekuwa anasukwa aligeuza shingo, msusi akamrudisha.

"Mjomba amelalamika?" aliuliza Brenda, muuza vitenge.

"Aliomba."

"Kuomba siyo kulalamika."

"Tena nyie hamjaona," alisema Agnes. "Mwenzetu ameanza mwaka mchuuzi, katikati ya mwaka ni mkulima, na jembe hajashika. Hii kwenye semina inaitwa kupanua wigo. Haba na haba, dada Ruti, hujaza kibaba. Kuna watu wanatafuta heka ya mpunga Kamsamba hawaipati, wewe unayo juu ya magunia! Lengo liongezwe. Ghala liwe na mfereji wa maji na madirisha makubwa, mpunga upate hewa."

Ruti alifungua mdomo aseme kitu, na hapo makofi yakapigwa. Alikaa. Aliona uzito aliokuja nao umemtoka, na kwa jinsi ulivyomtoka upesi, alijionea aibu. Aibu hiyo ilidumu mpaka chai ilipoletwa.

Mpunga ulipoanza kushika punje, kweleakwelea wakaja. Waliingia kwa uwazi ulio chini ya bati, kundi zima, wakatua juu ya magunia. Tunduma ni mji wa malori, na hakukuwa na mtu pale aliyejua kuamia ndege na kuwafukuza. Ruti alimpigia mjomba simu.

Ambakisye alifika na kombeo lake na udongo wa mfinyanzi kwenye mfuko wa sukari. Alipiga hodi, akavua viatu, akaingia kwenye maji kama anaingia kwake, akapanda juu ya magunia ya katikati na kukaa. Ruti alimletea ugali na maharage kila mchana, akamwandalia na godoro jipya. Hakumtesa hata kidogo.

"Mjomba," alimwambia siku moja, akikusanya vyombo, "bwana shamba anasema huu mpunga haujajua kama umeuzwa."

"Haujauzwa," alisema mjomba, akazungusha kombeo. Ndege wakaruka, wakatoka kwa uwazi uleule.

Ulipoiva aliuvuna yeye, akaupiga, akaupepeta mlangoni upande wa upepo. Mabua yaliyobaki juu ya magunia yalikuwa tayari yameanza kuchipua upya. Ruti alileta magunia mapya, na mjomba akaanza kujaza. Alifika mdomoni, akachota ndoo nyingine, akamimina kujenga kilemba, mkono wenyewe ukienda. Ruti akaushika.

"Hapana, mjomba. Haya ni ya mteja wa Nakonde. Ishia mdomoni."

Ambakisye alisimama na ndoo. Miaka yote aliyolima hakuwahi kuambiwa neno hilo na mnunuzi yeyote. Aliupunguza mpunga kwa kiganja, akausawazisha taratibu, akarudi nyuma hatua moja kulitazama gunia.

"Ni gunia zuri," alisema.

Akayajaza yote namna hiyo. Ruti aliona macho ya mjomba wake, akatoka nje kuzungumza na fundi wa Mpemba kwenye simu kuhusu upana wa mfereji.

Kesho yake alimsindikiza stendi, akampa nauli, mkate na kilo mbili za sukari za mkewe. Mjomba alishukuru. Alisema akifika ataanza kukata nyasi za kuezekea, mapema, kabla wenzake hawajazimaliza. Kisha, mguu mmoja ukiwa kwenye ngazi ya basi, aligeuka.

"Mwakani nijaze mpaka wapi?"

"Kama kawaida, mjomba."

"Haya," alisema Ambakisye, akapanda, akatafuta kiti cha upande usio na jua.