Kisanduku cha Kuficha Jina

...na hiyo sababu aiandike vipi kwenye mstari mfupi namna hii, Oddveig alijiuliza, kidole juu ya kipanya, maana fomu ya halmashauri ameshaijaza yote, umri hamsini na saba, miaka thelathini ofisini kwenye kiwanda cha samaki mpaka kilipofungwa, kazi anayoomba usimamizi wa bandari, kimebaki kisanduku kile tu, Je, unaomba jina lako lisitangazwe? Eleza sababu... aibu ni sababu?, mwisho ni saa sita mchana na sasa zimebaki dakika kumi, na jikoni mumewe Eilif anasema kitu kuhusu jibini la kahawia, limekwisha au limebaki kipande, ndiyo, ndiyo, kamjibu bila kumsikia, kwa sababu akikiacha kitupu, Alhamisi gazeti litatoa orodha ya walioomba kazi za halmashauri kama kawaida, jina, umri, kijiji, na watu wataisoma kabla hata ya matangazo ya vifo, kama ilivyokuwa Machi alipoomba kazi ya maktaba akakosa, na yule mama wa dukani akamwambia mbele ya foleni nzima, kwa sauti ya kubembeleza mgonjwa, "Usijali, Oddveig, utapata tu," naye akalipa, akaenda kulia garini, alilia kweli... lakini yeye je, si ndiye aliyekuwa akiwasomea wenzake orodha hiyohiyo kila Alhamisi pale kiwandani, kikombe mkononi, "Jamani, Sigbjørn tena," na ofisi nzima hoi kwa kicheko, Sigbjørn aliyeachishwa kazi kwenye kivuko, aliyeomba mara tisa, mpaka kazi ya kuendesha basi la shule na leseni ya basi hana, wakasema yule hana haya, na jioni Sigbjørn huyohuyo anampisha mlangoni mwa duka, anamuuliza mama yake mzazi anaendeleaje, naye Oddveig anajibu huku akimwonea huruma, masikini, hajui anavyochekwa... alijua, Mungu wangu, alijua kila siku, akaingia dukani hivyohivyo akijua, akanunua mkate wake, akauliza hali ya mama, na mara ya tisa alipokosa akahamia kwa binti yake mjini Tromsø na hakuna hata mmoja wao aliyekwenda kumuaga, na Oddveig akahisi uso unawaka, si aibu ile ya Machi, ile ilikuwa ya kuonewa, hii ni yake mwenyewe, ameipika kwa mikono yake, na Eilif sasa yuko mlangoni, kisu cha jibini mkononi, anauliza anaandika nini muda wote huo.

"Naomba ile kazi ya bandari."

Eilif akashusha kisu. "Watakuandika gazetini, mke wangu."

"Najua," alisema, kidole bado kiko palepale, kisanduku bado kitupu, na dakika zilizobaki zinamtosha kuituma fomu hivyohivyo.