Grini Kavu za Kinnarvie

Ubingwa wa gofu ulipokuja Kinnarvie, mji wetu mdogo wa pwani, mara ya kwanza, mshindi alikuwa kijana wa ng'ambo. Watangazaji walipomuuliza ameuonaje uwanja wetu, alicheka, akasema ni mzuri na mwepesi, unafaa watu walio kwenye fungate. Maneno hayo yalitukaa kooni kama mwiba wa samaki. Kinnarvie hatuna kiwanda, na bandari ilikufa zamani. Tuna bahari ya kijivu, upepo, na huo uwanja wa gofu ambao babu zetu waliucheza katikati ya kondoo. Anayeudharau ametugusa pabaya.

Aliyeumia kuliko wote ni Struan Geddes, mkuu wa watunza nyasi, kazi aliyoirithi kwa baba yake.  Habari zilipofika kwamba ubingwa unarudi, aliweka glasi yake mezani pale baani akasema safari hii hakuna atakayecheka.

Mdogo wake, Lorne, alikuwa mchezaji. Si mchezaji wa kuonekana kwenye televisheni. Asubuhi aliwafundisha wazee wa klabu kushika fimbo, na kila kiangazi alikwenda kwenye mchujo wa kuingia ubingwa akarudi kichwa chini. Watu walishaacha kumuuliza. Mwaka ule, mvi zikiwa zimemtawala juu ya masikio, akafuzu. Atacheza ubingwa nyumbani, kwenye nyasi zilizokatwa na kaka yake. Mama yao, Bi Effie, alipoambiwa alikuwa kwenye foleni ya bucha, na alilia mpaka muuza nyama akamletea kiti.

Kiangazi hicho mvua ilikatika. Nyasi ziligeuka rangi ya majani makavu ya chai, ardhi ikawa ngumu, mpira ukitua unadunda na kwenda zake. Na Struan akafunga maji. Kila siku alizikata fupi zaidi zile grini, viwanja vidogo vyenye mashimo, hadi zikawa zinang'aa kwenye jua.

Mji mzima ulibishana. Wengine walisema ndivyo uwanja wa pwani unavyotakiwa kuwa, mkavu na mkorofi. Wengine walisema huo sasa si ugumu, ni ukatili. Lorne alimkuta kaka yake baani na hakuzunguka.

"Mwagilia, kaka. Hasa ile grini ya kumi na moja."

"Wewe unataka uwanja au godoro?"

"Nataka uwanja. Ule wako umekuwa sakafu ya jikoni. Jana nimeuweka mpira juu kwa mkono, ukakaa kidogo, ukaondoka wenyewe."

"Basi usiuweke kwa mkono. Cheza na fimbo kama wenzako."

Watu wakacheka. Lorne naye akacheka kidogo, kisha akasogeza kiti karibu. "Upepo wa nchi kavu ukivuma, pale juu kilimani mpira hautasimama. Baba asingeacha hivi."

"Baba hajaitwa mtunza bustani ya maharusi mbele ya dunia nzima," Struan akajibu. "Mimi nimeitwa."

Siku chache kabla ya mashindano kulikuwa na kikao cha klabu. Mwenyekiti, Bi Wilma Rennie, aliyekuwa mwalimu wa hesabu, hakupenda alivyoziona grini. Bwana aliyetumwa na shirikisho la gofu alizipenda mno. Alisema bingwa lazima ateseke kidogo, ndiyo maana anaitwa bingwa.

"Mimi sibishi kuhusu mateso," Bi Wilma alisema. "Nauliza kitu kimoja. Struan, wewe ndiye unayeijua ardhi hii. Upepo ukija, mpira utasimama kwenye ya kumi na moja au hautasimama?"

Kila mtu akamgeukia. Angeweza kusema hajui. Angeweza kuomba maji ya usiku mmoja tu, na yule bwana wa shirikisho asingekuwa na la kujibu.

"Utasimama," Struan akasema.

Siku mbili za kwanza hapakuwa na upepo. Wachezaji wakubwa walitoka wamekunja uso, na mmoja wao, alipoulizwa, alisema tu kwamba hana maoni. Tulifurahi, ukweli lazima usemwe. Na furaha ilizidi kwa sababu Lorne, aliyezijua kona zote tangu utotoni, alikuwa anacheza vizuri kuliko alivyowahi kucheza maishani. Ijumaa jioni jina lake lilikuwa ubaoni miongoni mwa wale wanaoongoza. Wanaume wazima walisimama mbele ya ubao ule wakilisoma na kulirudia. Struan alipita, akalitazama, akaenda akamkumbatia mdogo wake mbele ya watu, jambo ambalo wanaume wa Geddes hawalifanyi.

Jumamosi upepo ukageuka, ukaja kutoka nchi kavu, mkavu na wa moto.

Grini ya kumi na moja iko juu ya kilima, bahari nyuma yake. Lorne alifika pale akiwa bado hajaharibu kitu. Mpigo wake wa pili ulikuwa mzuri mno; mpira ulitua, ukatambaa, ukasimama karibu na shimo. Tukapiga makofi. Aliinama kuusukuma, na kabla hajaugusa ukaanza kutembea. Ulitembea taratibu, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka, kisha ukashika mteremko, ukaenda hadi chini kwenye nyasi ndefu.

Sheria ni sheria. Mpira unauchezea pale ulipo. Akaupandisha. Ukafika juu, ukasimama, ukarudi miguuni pake. Akaupandisha tena. Ukarudi. Kwanza watu waliguna, halafu mwanamke mmoja nyuma yangu akaanza kusema polepole, "Jamani, mwacheni. Mwacheni." Ila hakuna aliyekuwa amemshika.

Struan alikuwa amesimama kwenye kamba ya watazamaji, mikono mfukoni. Lorne alinyanyua macho mara moja, akamwona. Hakuonyesha hasira. Mpira ulipokuwa unamjia tena, hakungoja usimame. Aliupiga ukiwa bado unatembea, kama mtu anayemfukuza paka, na hilo lina adhabu yake. Shimo la mapigo manne alilimaliza kwa kumi na tatu.

Waamuzi walikimbia kuja. Walijadiliana, wakaita mitambo ya maji, na mchezo ukasimamishwa wakati watu wa Struan wakiinyunyizia maji ile grini mchana kweupe. Wachezaji waliokuwa nyuma walipofika, mpira ulisimama. Bi Wilma alikwenda kuwaomba waamuzi wafute mapigo ya waliotangulia. Wakamwambia yaliyochezwa yamechezwa.

Jumapili Lorne alicheza kwa sababu lazima amalize, akamaliza wa mwisho. Baadaye ndugu wawili walikutana jikoni kwa mama yao. Bi Effie alikuwa amepika supu ya samaki, na ilipoa hapo mezani.

"Ulijua?" Lorne akauliza.

"Upepo nani anaujua, Lorne? Gofu ni upepo."

"Sikuuliza upepo. Wilma alikuuliza kama mpira utasimama. Ulijua kwamba hautasimama?"

Struan aliikoroga supu yake mpaka mama yao akamwambia, "Mjibu mwenzio."

"Nilijua," akasema. "Nilidhani yatawakuta wao."

Lorne akavaa koti lake. Mlangoni alisema, bila kupaza sauti, "Na mimi nilikuwa mmoja wao, kaka. Kwa siku mbili."

Hakurudi klabuni hata kuchukua viatu vyake. Alipata kazi ya ghala mjini Dundee, na waliomwona wanasema fimbo zake aliziacha kwa mama yake, chini ya ngazi.

Maji ya Jumamosi yalikuja yamechelewa. Kabla majira ya baridi hayajafika, grini ya kumi na moja ilikuwa imekufa yote, na mbili nyingine pamoja nayo. Shirikisho lilitangaza kwamba ubingwa hautarudi Kinnarvie. Yule bwana aliyependa mateso alisema alitegemea neno la wenyeji. Bi Wilma alijiuzulu, ingawa hakuna aliyemtaka ajiuzulu.

Struan hakufukuzwa. Nadhani angeshukuru wangemfukuza. Alipanda mbegu mpya, zikaota kama manyoya membamba, upepo ukazing'oa, akapanda tena. Baani watu bado wanabishana kama uwanja ulikuwa wa haki au la, ila yeye akiingia wanahamia kwenye habari za mpira wa miguu.

Siku hizi Bi Effie humpikia Lorne Jumapili na Struan Jumatano. Mwanzoni alijaribu kuwadanganya waje siku moja. Lorne alipoliona gari la kaka yake nje, aligeuza akaenda zake. Sasa mama hajaribu tena.