Karatasi ya Mhusika

Jumanne tarehe 14 Machi 2023, saa nne kasoro robo asubuhi, boti ya wagonjwa ya kisiwa cha Namurungu ilikuwa gatini, tangi limejaa, na ufunguo haukuwepo. Selina, mke wa fundi Kashindye, alikuwa amelazwa kwenye benchi ya zahanati akitoka damu. Nesi alisema mhusika hayupo. Kufika hospitali ya Nansio kwa boti ni dakika arobaini. Selina aliuliza mara moja tu, "Kwani ufunguo anao nani?" Alifariki saa nane mchana, boti ikiwa palepale inachezacheza na mawimbi.

Tangu hapo Kashindye anaishi Igoma, anachonga viti na kuandika barua za kumuulizia mwenye ufunguo. Darasa la nne alilofika linatosha kwa barua. Ofisini walimjibu mhusika yuko semina. Kisha mhusika yuko likizo. Kisha mhusika amehamishwa, maana wenye vyeo hata wakiua hawafukuzwi, wanahamishwa. Jibu la mwisho lilikuja na mhuri: siku ile boti ilikuwa mbovu, na kama mlalamikaji analo jina la mhusika, alilete kabla ya Jumatatu saa sita mchana, la sivyo jalada linafungwa.

Jibu hilo alilipata Jumamosi asubuhi. Mchana wake akaitwa na Prudencia, binti wa Kihaya mwenye duka la vifaa vya shule jirani na karakana yake. Prudencia alitaka kuanza kuuza mchezo wa mezani. Mmoja anasimulia safari, wengine wanajifanya watu wa ndani ya safari hiyo, na dadu inaamua kama wanachotaka kinawezekana. Dadu yenyewe aliichonga Kashindye, ya mti wa mninga, pande ishirini. Kazi iliyobaki ilikuwa kuchagua vitu vya kuweka kwenye boksi la wanaoanza.

"Mzee, wewe hujawahi kucheza," alisema Prudencia. "Ukielewa wewe, ataelewa kila mtu."

"Kwa hiyo mimi ndiyo kipimo cha ujinga."

"Mvumilie, mzee wangu," alisema Antoni, anayeendesha mashine ya fotokopi pale dukani. "Wahaya hata mchezo wanautungia mtihani."

Kitabu cha sheria cha kurasa sitini kikaondolewa, kikabaki cha kurasa nane. Ramani ya mapango nayo ikaondolewa. Kashindye alisema pangoni hajawahi kuingia, ziwa analijua, kwa hiyo ikabaki ramani ya ziwa. Zikaja karatasi za watu. Nyingine zilikuwa zimejazwa tayari, shujaa, mganga, mwizi. Mbili zilikuwa tupu. Juu ya kila moja Prudencia alikuwa amechapa neno MHUSIKA.

Kwa Prudencia neno hilo lilimaanisha mtu wa hadithi. Kashindye alilisoma kwa kidole, akarudia.

"Nipe hii tupu."

"Anayeanza huwa tunampa iliyojazwa."

"Nipe tupu. Huyu nimemtafuta muda mrefu."

Aliandika kwa herufi kubwa, akikandamiza kalamu. Jina: SIJUI. Kazi: KUTUNZA UFUNGUO WA BOTI. Nguvu: NYINGI. Huruma: akaacha wazi. Anachobeba: UFUNGUO.

Alipoinua kalamu, kiti cha nne kilikuwa na mtu. Alivaa shati la mikono mifupi, kalamu mbili mfukoni, faili kwapani.

"Shikamoo," alisema Antoni.

"Marahaba. Kuna posho ya kikao?"

"Hakuna, baba. Kuna soda," alisema Prudencia.

"Basi sitakaa sana."

Prudencia alimgeukia Kashindye. "Dadu ikifika kumi, anafanya unachotaka. Unataka nini?"

"Atoe ufunguo."

Kashindye akarusha. Kumi na saba. Mtu yule akatoa ufunguo wenye kipande cha boya jekundu, akauweka juu ya ramani, pale Namurungu.

"Awashe boti."

Kumi na moja. Injini ikawaka mara ya kwanza, duka likanuka petroli. Boti ndogo kuliko kiberiti ikatoka gatini ikikata maji juu ya ramani, na Antoni akasogeza madaftari yasilowe. Walikaa wakiitazama, Kashindye macho kwenye saa ya ukutani. Dakika ya arobaini ikagusa Nansio. Haikuwa mbovu.

Kashindye aliishika dadu mpaka ikalowa jasho.

"Ataje jina la mhusika."

Ishirini. Antoni akapiga meza kwa kiganja. Mtu yule akafungua faili, akapekua, akalifunga.

"Mhusika hayupo."

"Mhusika ni wewe. Nimekuandika mwenyewe."

"Mimi nakaimu."

"Unamkaimu nani?"

"Mhusika."

Prudencia alisoma sheria kurasa zote nane. "Mzee, kwenye ishirini hawezi kudanganya. Hilo ndilo analojua."

Jumatatu Kashindye alipeleka ufunguo ofisini. Ulikuwa bado unadondosha maji. Karani wa masjala akagonga mhuri kwenye boya, akaufungia kabatini, akaomba jina. Kashindye akampa karatasi. Karani aliinakili kwenye fomu kwa mwandiko mzuri, SIJUI, na saa sita jalada likafungwa.

Boksi la wanaoanza sasa lina sheria za kurasa nane, ramani ya ziwa, dadu, na karatasi zilizojazwa tayari. Mwenye faili huja dukani kila Jumamosi, husaini mahudhurio, hunywa soda. Kiti chake kilipolegea, Kashindye alikipiga misumari.

Karatasi tupu ya pili ilimchukua Jumamosi tatu. Mwishowe akaandika. Jina: SELINA. Kazi: MKE WANGU. Anachobeba: akaacha wazi.

Selina akavuta kiti, akakung'uta gauni, akaitazama boti iliyofungwa Nansio kwenye ramani, kisha akamtazama mwenye faili. Kashindye alirusha dadu. Ilizunguka mezani, ikazunguka, haikutua.

"Kwani ufunguo anao nani?"